Nichague tovuti gani ya kutafuta mchumba ikiwa nia yangu ni kuolewa na kuishi ng'ambo?

Mhasibu wa Voi

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mhasibu katika chama cha akiba na mikopo mjini Voi, nina umri wa miaka 31, sijaolewa wala sina mtoto. Natafuta mume, na sifichi kwamba ningependa maisha yangu ya ndoa yawe nje ya Kenya, kwa kuwa kaka yangu anaishi Kanada na mama yangu mdogo yuko Ujerumani, nami nimetamani kwa muda mrefu kuendelea na masomo huko. Simtafuti mtu wa kunisafirisha tu. Namtafuta mume wa kweli, ila awe anaishi huko au awe tayari tuhamie huko pamoja.

Kinachonitatiza ni wingi wa tovuti na programu. Zipo ambazo mtu hujiunga bure, kama Tinder na Badoo, zipo zinazolipiwa kila mwezi, na zipo zile zinazojitangaza waziwazi kuwa kazi yao ni kuwakutanisha wanawake wa Kiafrika na wanaume wa Ulaya na Marekani. Rafiki yangu ananihimiza nijiunge na hizi za mwisho, kwani anasema huko kila mwanamume anajua amefuata nini. Je, kulipia kunamkutanisha mtu na watu wenye nia njema zaidi? Na je, niandike katika wasifu wangu kwamba niko tayari kuhama, au ninyamaze hadi tuzoeane?

Mama Neema, Minneapolis

Mdogo wangu, ningekuomba uanze na nchi ndipo uje kwenye tovuti. Kila nchi ina sheria yake ya kumpokea mke au mchumba wa mkazi wake, na ukiijua sheria hiyo mapema utawatambua wengi wasiosema kweli bila hata kuwauliza.

Chukua mfano wa huku Marekani. Raia anayetaka kumleta mchumba wake hujaza fomu iitwayo I-129F, na ombi likikubaliwa mchumba huomba ubalozini viza ya uchumba iitwayo K-1. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu asiye raia, hana ruhusa ya kuomba kwa njia hiyo. Yeye sharti aoe kwanza ndipo amwombee mkewe. Wachumba wanatakiwa wawe wameonana ana kwa ana katika kipindi cha miaka 2 kabla ya ombi kuwasilishwa, isipokuwa kwa sababu chache sana zinazosamehewa, na mchumba akishaingia nchini wana siku 90 za kufunga ndoa. Basi mwanamume anayekuahidi, kabla hamjawahi kuonana, kwamba atakutumia viza ya uchumba ili mkutane huku kwa mara ya kwanza, ama haijui sheria ya kwao ama anakudanganya, na katika hali zote mbili hafai kukushika mkono katika safari hiyo.

Kuhusu tovuti anazozisifu rafiki yako, ujue kwamba mwaka 2005 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwadhibiti madalali wa ndoa za kimataifa, inayojulikana kwa kifupi kama IMBRA. Dalali anayehusika na sheria hiyo haruhusiwi kumpa mteja wake wa Marekani mawasiliano ya mwanamke kabla ya kukusanya habari za mwanamume huyo, yakiwemo makosa ya jinai na ndoa zake za awali, kumpa mwanamke habari hizo na kupata idhini yake kwa maandishi. Kwa hiyo waandikie kabla hujajisajili, uwaulize wanaitekeleza vipi sheria hiyo. Wakikuzungusha, waache. Fomu ya I-129F yenyewe inauliza iwapo wachumba walikutanishwa na dalali wa namna hiyo, na jibu la uongo hapo linaweza kuliharibu ombi zima.

Binti wa dada yangu alikwenda kwenye mahojiano ya viza ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, akiwa amebeba rundo la mazungumzo ya simu kati yake na mchumba wake yaliyochapishwa. Afisa aliyasogeza pembeni, akaomba picha, akachagua moja ambayo wachumba hao walipiga nyumbani pamoja na mama wa binti, kisha akauliza siku ile walikula nini na nani alipika. Ndiyo maana nasema tovuti nzuri ni ile inayowafikisha haraka kwenye kuonana, na kwa familia zenu kujuana.

Fundi Simu wa Kisauni

Nitajibu lile la malipo, kwa sababu wateja wengi huniletea simu zao na kunieleza mambo haya.

Malipo ni ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Kuna tovuti zinazotoza kiasi maalumu kwa mwezi, ambapo ukishalipa unaandika utakavyo na mkikubaliana mnapeana namba na kuondoka zenu. Hizo sina neno nazo, ila ukumbuke kuuzima usajili unaojiendeleza wenyewe kila mwezi, kwani kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi makato. Aina ya pili huuza krediti: kufungua ujumbe ni krediti, kujibu ni krediti, kutazama video ni krediti, na ukijaribu kuandika namba yako ya simu, mfumo unaifuta. Tovuti ya namna hiyo inapata faida kadiri mnavyochelewa kuonana. Nimeona kwa macho yangu simu ya mama mmoja ambaye barua aliyoletewa na "mchumba" wake ilikuwa neno kwa neno ile iliyokuwa kwenye simu ya mwenzake aliyekuja naye, jina tu ndilo lililobadilishwa. Wakati mwingine anayeandika si mwanamume wa pichani, bali ni mfanyakazi anayelipwa kuyarefusha mazungumzo.

Kulipia peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Tume ya Marekani ya kulinda walaji, FTC, ilieleza kwamba katika mwaka 2022 watu karibu 70,000 waliripoti kutapeliwa kwa njia ya mapenzi, na hasara waliyoripoti ilifika dola bilioni 1.3. Hao walikuwa Marekani kwenyewe.

Omba mazungumzo ya video mapema, nawe utazame na kilicho nyuma yake. Dada mmoja alinionyesha picha za mwanamume aliyedai kwamba yuko chumbani kwake Dallas, na ukutani palikuwa na soketi ya umeme ya matundu matatu ya mstatili, yenye swichi pembeni, sawasawa na hizi zetu. Soketi za Marekani huwa na mipasuo miwili myembamba iliyosimama, na kwa kawaida hazina swichi. Nilimwambia amwombe ampigie video papo hapo akiwa amesimama penye dirisha. Yule bwana hakupiga tena.

Wala usitume pesa kwa sababu yoyote, iwe ya kukomboa mzigo forodhani, iwe ya wakili, iwe ya kuharakisha viza. Usitume picha za faragha pia, maana hizo ndizo hutumiwa baadaye kukutisha.

Mhasibu wa Voi

Nawashukuru sana. Habari ya krediti sikuijua kabisa, na nimekwenda kuangalia tovuti aliyonitajia rafiki yangu nikakuta ndivyo inavyofanya. Hiyo nimeiacha. Bado lile swali la wasifu linanisumbua, kwa kuwa naogopa kuonekana mwenye tamaa. Na je, masharti ya Kanada na Ujerumani yanafanana na hayo ya Marekani?

Bint Malindi, Leicester

Dada, andika wazi. Mwanamume ambaye hawezi kuishi na mke mgeni kwa sababu ya kazi yake au ya watoto wake atajiondoa mapema, na hutapoteza mwaka mzima naye. Ila kuna namna ya kuliandika. Ukiandika kwamba unatafuta mtu wa kukutoa Kenya, unawaita matapeli wote, kwa sababu wao huvua penye shida. Andika kama mtu mwenye maisha yake: kwamba unaishi Kenya, una kazi na elimu, ni mtu wa familia, na uko tayari kuhamia Kanada au Ujerumani kwa ajili ya ndoa. Jina la mahali unapofanya kazi usilitaje, hasa kwa vile kazi yenyewe ni ya fedha za watu.

Masharti hayafanani. Kanada haina viza ya mchumba. Kwa kawaida mnafunga ndoa kwanza ndipo mume akudhamini. Ujerumani humtaka mke anayetoka Kenya awe na cheti cha Kijerumani cha daraja la A1, yaani la wanaoanza, kabla ya kupewa viza, ingawa wapo wanaosamehewa, na kozi pamoja na mtihani vinapatikana Goethe-Institut Nairobi. Huku Uingereza, tangu Aprili 2024 kiwango cha kawaida cha mapato anachotakiwa kuonyesha anayemdhamini mwenzi wake ni pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 za awali. Hata hivyo masharti hubadilika, kwa hiyo siku utakapokuwa na mchumba soma tovuti ya serikali ya nchi hiyo wewe mwenyewe, usimtegemee mtu wa ofisi ya kusafirisha watu.

Kwa upande wa programu, mimi ningetumia zile ambazo wenyeji wa nchi hiyo wanazitumia kutafuta wenzi wao wenyewe. Tinder inakuruhusu, kwa malipo, kuweka eneo lako katika mji mwingine, kwa hiyo unaweza kuonekana kwa watu wa Toronto au Berlin ukiwa Voi, ila useme tangu ujumbe wa kwanza uko wapi. Kwa Waislamu kuna Muzz, ambayo inakuruhusu kumshirikisha walii wako, yaani ndugu anayekusimamia katika ndoa, akaona mazungumzo. Mimi nilimweka kaka yangu, na wasio na nia walipungua mara moja.

Na wewe una hazina ambayo wengi hawana, yaani kaka Kanada na mama mdogo Ujerumani. Ukimpata mtu katika nchi mojawapo, mwombe aonane nao kabla hajakata tiketi ya kuja Kenya, nyumbani kwao au hata mkahawani kwa saa moja. Akikataa mara mbili bila sababu ya maana, usimpe nafasi ya tatu.