Tupeane uzoefu: baiskeli ya kwanza ya resi, uchukue chuma, alumini au kaboni? (Wadau wa Mtwara na Lindi)

Mleta uzi (Shangani, Mtwara)

Wakuu, habari za wakati huu. Kila msimu wa korosho, hela ikishaingia mkononi, vijana wa huku hunipigia simu na swali lile lile: nianze na baiskeli ya resi ya chuma, ya alumini au ya kaboni? Namjibu kila mmoja kivyake, na jibu langu ni la mtu mmoja tu. Naomba tulijibu kwa pamoja. Sema unaendesha nini, unaendeshea wapi na imekutendea nini. Ya kwenye katalogi tuyaache hukohuko.

Naanza mimi. Ninayo ya alumini yenye foku ya kaboni, mtumba, na nakaa karibu kabisa na bahari. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: kwa mtu anayeanza, fremu imetengenezwa kwa nini ni swali la tatu. La kwanza ni saizi yako, la pili ni nafasi ya tairi. Kaboni ya bei mbaya isiyo saizi yako itakutesa shingo na kiuno mpaka uiuze. Chuma kinachokukaa vizuri utakwenda nacho Lindi na kurudi.

Saizi unaipima mwenyewe nyumbani. Simama peku, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya miguu hadi juu kabisa, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.67, hapo unapata urefu unaokufaa wa bomba la fremu linalosimama chini ya siti. Zidisha kwa 0.883, unapata siti ikae juu kiasi gani kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, ile inayopita kwenye fremu. Mimi ni sentimita 82, kwa hiyo fremu yangu ni 55 na siti ipo 72 na ushee. Fremu za siku hizi ambazo bomba la juu limeinama, hesabu ile ya kwanza haiziwezi. Kwa hizo angalia zaidi kama mikono inafika kwenye usukani bila kujivuta.

Haya, mwageni.

Mdau wa Mikindani

Mkuu umeanza vizuri. Mimi ni mtu wa chuma na nitabaki huko. Fremu yangu ni ya kromoli, chuma chenye kromi na molibdeni kidogo, mabomba yake mazito kwenye ncha na membamba katikati. Fremu ya namna hiyo huwa na kilo 2 hivi, usiifananishe na ile ya Phoenix ya kubebea gunia. Ukiingia kwenye lami yenye viraka inanesa kidogo, mwili unapumzika.

Lakini ukweli wa pwani usemwe. Chuma hapa kwetu hakiliwi kutokea nje. Rangi utaiona inang'aa na kumbe chumvi imeshaingia kupitia tundu la bomba la siti, maji yamekaa chini pale ekseli ya pedeli inapopita, kutu inatafuna taratibu. Kila masika yakiisha natoa bomba la siti, nageuza baiskeli kichwa chini ili maji yatoke, kisha namimina mafuta mazito ndani na kuizungusha mpaka yapake kila upande.

Kuna ndugu yangu hapa alinunua ya mtumba, fremu ya chuma, bomba la siti la alumini, na aliyemuuzia hakuwa amepaka grisi. Metali mbili tofauti na unyevu wa chumvi katikati: zikagandana. Siti haipandi wala haishuki. Wakataka kupasha moto. Fundi mmoja mtu mzima akawazuia, akasema alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, mtakuwa mnaikaza zaidi. Akaagiza barafu ya samaki kutoka sokoni, akamwagia mafuta ya kulegezea pale kwenye maungio tangu usiku, asubuhi akalifunga lile bomba kwa barafu ndani ya kitambaa, akasubiri, kisha akageuza baiskeli, akabana siti kwenye jiriwa na kuizungusha fremu yenyewe kama usukani. Ilitoa mlio mkali, halafu ikaja. Bomba lilikuwa na unga mweupe mwili mzima.

Kwa hiyo ukienda kukagua mtumba, kitu cha kwanza legeza bolti ya siti uone kama bomba linacheza. Halichezi, ondoka.

Fundi (Masasi)

Hapo kwenye barafu nampa mkono huyo mzee, ndivyo inavyotakiwa.

Mimi naongea kama mtu wa spana. Chuma kikipasuka naweza kukiunga kwa gesi na shaba, ukaendelea. Alumini msiniletee. Siyo kwamba haiungi, inaunga kwa mashine ya gesi ya agoni. Tatizo ni kwamba fremu nyingi za alumini, mfano zile zilizoandikwa 6061, zikishaungwa kiwandani huingizwa kwenye tanuri maalumu ili zirudishiwe ugumu. Nikichoma hapa kibandani, pembeni ya kiungo panakuwa laini, na pale ndipo patakapokatika siku unashuka mlima. Na alumini ina tabia nyingine: chuma mizigo midogo midogo inayojirudia kinaivumilia bila kuchoka, alumini kila mtikisiko unapunguza kidogo maisha yake. Kiwanda kinalijua hilo, ndiyo maana mabomba yake ni manene. Usiogope kuinunua, ila usinunue iliyobonyea, na usinunue yenye ufa kwenye maungio hata kama ni mwembamba kama unywele. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kisha angalia kwenye jua, hasa pale bomba la chini linapokutana na kichwa cha usukani.

Kama hujui umeshika nini, nenda na sumaku. Ikinasa ni chuma. Muuzaji atakwambia alumini, sumaku itakwambia vingine.

Sasa jambo linalowaumiza watu huku Masasi kuliko fremu: matairi. Duka la kawaida lina inchi 28 ya Phoenix. Hiyo rimu yake ni milimita 635. Baiskeli ya resi ya kisasa ni 700C, rimu yake ni milimita 622. Hazivaliani hata ukitumia nguvu. Na zile resi za zamani kutoka Ulaya nyingine ni inchi 27, rimu 630. Ni tatu tofauti, kwa macho unaona sawa. Soma ubavuni mwa tairi kabla hujatoa pesa. Ikiwa 622, tairi zake hata Dar zipo. Ikiwa 630 jiulize mara mbili. Na vali pia: resi nyingi zina vali nyembamba ya kufungua kichwa, na tundu la rimu ni dogo, tyubu ya kawaida vali yake haipiti. Agiza tyubu za akiba siku hiyohiyo unayonunua baiskeli.

Mwalimu (Mtama)

Asanteni kaka zangu. Mimi nina alumini, mpya ya dukani, ya bei ya chini kabisa ya aina yake. Ina kilo 10 na kidogo. Kabla yake niliuziwa maneno mengi kwamba alumini ni ngumu, itaniumiza viganja. Ilikuja na tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo wa PSI 110, na kweli viganja vilikuwa vinakufa ganzi kabla sijafika Mingoyo. Nikabadilisha matairi tu, nikaweka ya milimita 28 kwa PSI 70 na kitu, mimi si mzito. Fremu ni ileile, usukani uleule, na ganzi imekwisha. Ndiyo maana nakubaliana na mleta uzi kuhusu nafasi ya tairi. Zipo fremu za zamani ambazo 25 tu inagusa foku. Peleka kidole katikati ya tairi na foku: kisipopita, hutaweza kunenepesha tairi baadaye.

Dada wanaosoma hapa, msikubali kuambiwa "utazoea". Wengi wetu tunauziwa fremu ya kiume iliyobaki dukani. Mimi ni mfupi, nimechukua ndogo kabisa, nikabadilisha shingo ya usukani kuweka fupi na usukani mwembamba wa sentimita 38. Sasa breki nazifikia bila kunyoosha vidole.

Na gia. Sisi tunaopanda Newala tunajua. Resi ya zamani yenye meno 53 na 39 mbele itakutoa machozi pale juu. Tafuta 50 na 34 mbele, nyuma gia kubwa iwe na meno 28 au 32. Hiyo ilinisaidia kuliko kilo ambayo ningeipunguza kwa kununua kaboni.

Mzee wa Lindi mjini

Vijana, hamjambo. Mimi nimeanza na Phoenix nikienda Mchinga kununua samaki, kwa hiyo baiskeli naijua tangu ikiwa ya kazi. Resi niliipata kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anamaliza mkataba wake Lindi. Fremu ina kibandiko cha Reynolds 531. Hiyo ni aina ya mabomba ya chuma ya Kiingereza iliyoanza mwaka 1935, na miaka mingi wakimbiaji wakubwa wa Ulaya walikuwa juu yake. Imenikuta nikiwa mtu mzima na bado inanibeba. Nikisikia kijana anasema chuma ni cha wazee, namwambia apande kwanza.

Hizi kaboni siziamini. Kitu kinachopasuka ndani na nje kikabaki kizima, utakiaminije barabarani na malori yale ya saruji yanakupita?

Kijana wa Ligula

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikujibu kwa heshima, maana mimi ndiye mwenye kaboni.

Kaboni ni nyuzi zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kushikwa na gundi ngumu. Uzito wake ni kama moja ya tano ya chuma kwa ujazo uleule, na fundi wa kiwandani anaamua nyuzi zielekee wapi, kwa hiyo anaifanya iwe ngumu pale unapokanyaga na ilegee kidogo pale unapokaa. Fremu yangu ina kilo 1 tu. Kwenye mashindano ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, baiskeli nzima hairuhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8, na kwa kaboni watu wanaufikia uzito huo bila shida. Haichoki upesi kama alumini. Ukiikanyaga kutoka Mtwara kwenda Lindi wakati wa kusi, upepo mgongoni, utafurahi na nafsi yako.

Ila wasiwasi wako una msingi, mzee. Kaboni haipendi kubanwa wala kugongwa pembeni. Ikianguka ubavu kwenye jiwe inaweza kuumia ndani. Mimi naikagua kwa kugonga na sarafu bomba zima, pole pole: sauti iwe moja. Pakilia butu pekee yake, hapo pana mashaka. Bolti za siti na usukani nazikaza kwa spana yenye kipimo, nyingi ni Nm 5 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), wala sikadirii kwa mkono. Sijapata fundi wa kaboni huku kusini. Ndiyo maana ya mtumba isiyojulikana ilikotoka nisingemshauri anayeanza.

Halafu wanaosema kaboni haishiki kutu wanasema nusu. Nyuzi hazishiki. Lakini ndani mna vipande vya alumini, bolti na beringi za chuma, na kaboni ikigusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Naiosha kwa maji baridi nikitoka Msimbati, kama nyinyi tu.

Mzee wa Lindi mjini

Marahaba mwanangu. Umenieleza nimekuelewa. Hiyo sarafu nitaijaribu kwa mjukuu wangu, anayo moja ya kaboni.

Mdau wa Mikindani

Na metali ya titani je? Naona haijatajwa.

Kijana wa Ligula

Haishiki kutu, haichoki, inanesa kama chuma, nyepesi kuliko chuma. Bei yake unanunua shamba. Kwa anayeanza tuipite.

Mdau wa Nachingwea

Wakuu nimesoma yote. Kuna mbili zinaniita. Moja kromoli, rimu 630, gia 52 na 42 mbele, nyuma mwisho meno 24, saizi 54. Nyingine alumini, rimu 622, foku ya kaboni, 50 na 34, saizi 54, ina mchubuko wa rangi kwenye bomba la juu. Bei zimekaribiana. Mguu wangu kwa kile kipimo cha kitabu ni 81. Sijawahi kupanda resi. Nichukue ipi?

Mleta uzi (Shangani, Mtwara)

81 mara 0.67 ni 54 na ushee, zote zinakufaa kwa saizi. Ningechukua alumini, na siyo kwa sababu ya alumini. Ile kromoli utahangaika na tairi za 630, na gia zake kwa milima ya kwenda Newala au kwa siku umechoka ni kazi. Kwa mtu mwingine, mwenye spana na subira, hiyo ya chuma ingekuwa raha.

Kabla hujalipa: huo mchubuko upitishe ukucha. Ukiteleza, ni rangi. Ukinasa au ukiona bomba limebonyea, piga picha utuwekee hapa fundi wa Masasi aione. Legeza siti uone inacheza. Vua gurudumu la mbele, angalia shina la foku ya kaboni linapoingia kwenye kichwa, pasiwe na mstari. Uliza kama tairi ya milimita 28 inaingia, ujaribu kidole alivyosema mwalimu. Ukishaichukua, toa bomba la siti siku hiyohiyo: likiwa la alumini paka grisi nyembamba, likiwa la kaboni usiweke grisi, tafuta ile pasta yake yenye chembechembe, usipoipata lirudishe kavu mpaka uipate.

Na uagize tyubu.

Mdau wa Nachingwea

Naenda Jumamosi na kitabu, sumaku na sarafu. Nitaleta picha.