Kikundi: WATOTO WA PARSELI, BEL-AIR

[18:04] Mama Chanda: Jamani, baridi ya mwezi wa 7 imeshika. Jumamosi tunatengeneza gimovu, zile pipi nyeupe laini, watoto wajenge mtu wa theluji wa kukaa juu ya kikombe cha chokoleti ya moto. Wako 14. Nani analeta nini?

[18:40] Mama Chanda: Mumesoma wote, alama ninaziona. Sukari gramu 300, jelatini ya unga, ile ya kugandisha, gramu 15, vanila. Maizena (wanga wa mahindi) na sukari ya unga nusu kwa nusu, za kunyunyizia. Sinia ya sentimita 20 kwa 20 inatoa vipande 64. Kila mtoto vitatu.

[18:43] Papa Jo: Wangu awe na tumbo la Tonton Kazadi 😂

[18:44] Ya Béa: Basi vipande vitano 😂😂

[18:52] Mama Zaituni: Jelatini ya mnyama gani?

[18:53] Mama Chanda: Ya ng'ombe, dada. Nitakutumia picha ya pakiti kabla ya kufungua. Kama mnyama hakuandikwa, hatuinunui.

[19:01] Mama Chanda: Sikilizeni. Jelatini inalowekwa dakika 10 katika mililita 100 za maji baridi. Sukari na maji mengine mililita 100 vichemke bila kukoroga. Ukikoroga, sukari inarudi chembechembe. Mapishi mengi yanasema digrii 115. Lakini Lubumbashi tuko juu, mita kama 1.200, maji yenyewe yanachemka kwa 96, si 100, tunapunguza 4. Sisi tunaondoa motoni kwa 111. Ukingoja 115 hapa, maji yamekwisha kupotea na gimovu inakuwa mpira. Bila kipimajoto: dondosha tone katika maji baridi, likiwa kidonge kinachobonyea kati ya vidole, imetosha. Mimina polepole juu ya jelatini, piga kwa mashine dakika 10 hadi 12, mpaka iwe nyeupe, nzito, na bakuli liwe vuguvugu.

[19:06] Ya Béa: Mashine ipi? Yangu ilienda kwenye komunio ya Chanda, ikarudi bila miguu yake ya kupigia.

[19:07] Mama Chanda: Béa, hiyo tulishaimaliza.

[19:07] Ya Béa: Uliimaliza wewe.

[19:35] Tonton Kazadi: Nani ametaja tumbo langu 😂 Nina mananasi, tuyatie?

[19:36] Mama Chanda: Hapana Tonton. Nanasi lisilopikwa linakata jelatini, haitashika kabisa. Papai vilevile. Watoto wale wakubwa watanisaidia kumimina sukari.

[19:50] Nkambo: Nimesoma. Sukari hiyo ikimwagikia mkono haitiririki kama maji. Inashika ngozi na kuendelea kuunguza. Hakuna mtoto karibu na mbabula, jiko la makaa. Ipikwe kwangu Ijumaa usiku, wakiwa wamelala, ishike mpaka asubuhi. Jumamosi waje kukata na kupamba. Na miguu ya mashine irudi kwa mwenyewe.

[20:28] Tonton Kazadi: Ndiyo Nkambo.

[20:30] Mama Zaituni: Ndiyo Nkambo.

[20:31] Mama Chanda: Sawa Nkambo. Ijumaa saa 2 usiku. Sinia ipakwe mafuta, kisu pia, na kila kipande kivingirishwe katika Maizena, la sivyo vinagandana. Vijiti vya mshikaki vikatwe ncha. Macho ni chokoleti iliyoyeyushwa juu ya mvuke. Tone moja la maji likiingia inaganda mabonge. Maziwa yasichemke, yakianza vipovu pembeni yaondolewe, yapoe kidogo. Yakiwa moto sana mtu wa theluji anayeyuka kabla mtoto hajaona uso wake.

[20:33] Mama Chanda: Umeme ukikatika ni kupiga kwa mkono, zaidi ya dakika 20, watu wawili wakipokezana. Nani?

[20:58] Papa Jo: Ijumaa kuna mechi 🙏

[21:02] Ya Béa: Miguu kwanza.

[21:03] Mama Zaituni: Nangoja picha ya pakiti.

[06:12] Tantine Odette: Nimeona sasa hivi. Maziwa nitaleta mimi. Lita ngapi?