Quad inagonga chini nikiruka, nikaze resori tena ao nifanye nini?

dogo_wa_Kampemba

Jambo bandugu wote. Niko Lubumbashi, mwezi wa ine nilinunua quad (pikipiki ya magurudumu mane) ya okazioni, Yamaha YFZ450R, moteri yake iko muzuri kabisa, shida yangu ni suspansioni, ni kusema resori na amotisere (zile bomba zenye kuzuia resori isirukeruke). Tunakimbilia ku kapisti tulichonga siye wenyewe upande wa barabara ya Kipushi, udongo mwekundu, na sasa hivi kiangazi chini iko ngumu kama sima. Kuko kilima kimoja cha kuruka, nikishuka pale quad inagonga chini paaa mpaka mikono inakufa ganzi.

Nikapeleka kwa mekanisye mumoja. Akaangalia dakika mbili, akasema resori zimelegea, akakaza ringi zenye kubana resori, zote tatu, mbili za mbele na ya nyuma, mpaka mwisho wa nyuzi. Sasa quad imesimama juu, nikikaa miguu inagusa chini na vidole tu, na ku viraji (kona) inataka kunilalia, jana magurudumu mawili ya ndani yalinyanyuka nikafunga macho. Na bado inagonga! Mi niko na kilo 92 bila kaske. Nikaze wapi tena, ao ninunue amotisere zingine? Feza ni kidogo, munisaidie tafazali.

mzee_wa_kle

Dogo, usinunue kitu kwanza. Pole kwa ile ya jana.

Hapo kwenye ringi njo watu wengi wanapotea, hata wenye kushika kle (spana) miaka ishirini. Ukizungusha ringi haubadilishi ugumu wa resori, unabadilisha kimo tu, quad inasimama juu ao chini. Resori itabaki ile ile hata ukaze mpaka nyuzi ziishe. Kwa hiyo ule mekanisye alikupandishia uzito wote juu, njo maana inataka kulala ku viraji, na tena gurudumu halina nafasi ya kushuka, likifika ku shimo linaning'inia hewani pahali pa kufuata udongo.

Fanya hivi, na ufanye pole pole. Anza na hewa ya mapine, kwa sababu ukipima kimo na pine imelala vipimo vyote ni bule. Mapine ya quad ya mashindano inakula hewa kidogo sana, psi 4 mpaka 6 hivi, na manometa ya kwado (fundi wa mapine) haioni vizuri hewa kidogo hivyo, tafuta ile yenye kusoma hewa ndogo. Kisha nyanyua quad na kriki mpaka magurudumu yote yaachane na chini, pima kutoka kitovu cha gurudumu mpaka ku alama moja kwenye kadri (fremu) juu yake, weka chaki usisahau. Shusha, vaa kila kitu, kaske, bote, hata maji kama unabebaka, panda, simama ku marshipie (pale pa kukanyaga), tikisa quad mara mbili tatu, kaa pale unakaaka ukikimbia, mwenzako apime tena. Usipime mwenyewe ukiinama, vipimo vitakudanganya. Toa kipimo cha pili kwa cha kwanza, hapo utajua quad inazama kiasi gani chini yako. Mbele ya YFZ gurudumu linatembea karibu milimita 250, nyuma 280. Wewe unataka izame kama sehemu moja ya tatu, ao kidogo chini ya hapo.

Leta namba hapa, tutaongea.

dogo_wa_Kampemba

Aksanti sana baba. Nimepima na mudogo wangu leo asubui. Mbele inazama milimita 30, nyuma 45. Na quad peke yake bila mimi haizame hata kidogo. Ni mubaya?

mzee_wa_kle

Ni kama nilivyozani. Mbele lenga 75, nyuma 95. Itabidi ufungue ringi, lakini kabla ya kugusa kle kamata brosi na maji usafishe nyuzi zote, ule udongo wetu mwekundu ukikauka ndani ya nyuzi za aluminiumu unazikula, ukilazimisha ringi itakwama pale na amotisere umeipoteza. Magurudumu yawe hewani. Legeza ringi ya juu yenye kufunga, kisha ya chini, zungusha kidogo, shusha, pima. Kushoto na kuria ziwe sawa sawa, usihesabu mizunguko tu, pima urefu wa resori na meta. Na usilegeze mpaka resori icheze gurudumu likiwa hewani.

Kisha kipimo cha mwisho chenye watu hawapimaka: nyuma ikifika 95 na wewe juu, shuka, pima quad peke yake. Ikiwa inazama kidogo na uzito wake, resori inakufaa. Ikiwa haizame kabisa, resori ni laini kwa kilo zako. Wengi wanafikiri ni kinyume, wanaona quad imesimama wima bila kuzama wanasema resori ni ngumu. Hapana. Imesimama kwa sababu ulilazimika kuikaza sana ndiyo ikubebe.

nyota_ya_Virunga

Kaka wa Kampemba, mi niko Goma, dada mwenye kukimbia na quad ya Honda TRX450R. Mzee amesema kweli tupu kuhusu ringi, mi naongeza juu ya vis za klik (vis za amotisere zenye kulia klik ukizizungusha) kwa sababu kugonga chini siyo kazi ya ringi peke yake.

Ku chupa ya amotisere uko na reglaji ya kubanwa (amotisere ikifinywa), na chini kabisa ku mguu wa amotisere uko na ya kurudi (ikirefuka tena). Funga kila vis pole pole mpaka mwisho bila nguvu ukihesabu klik, andika ile namba ku karatasi, kisha rudisha pale ilikuwa. Hiyo karatasi njo itakuokoa siku umepotea. Ile ya kubanwa iko mbili, ya mbio na ya pole, na watu wanachanganya: mbio si mbio ya quad, ni mbio ya amotisere yenyewe. Ukilala ku viraji ao ukifunga fren amotisere inabanwa pole. Ukishuka kutoka juu ao ukigonga jiwe inabanwa mbio. Wewe unagonga chini nikisoma vizuri ni ukishuka kilima, basi unakaza ya mbio, kidogo tu, ya pole usiiguse.

Na ile ya kurudi, mi ilinitesa mwaka muzima. Ikiwa imefungwa sana, quad inapita shimo la kwanza vizuri, la pili haijarudi, la tatu imechuchumaa kabisa, unafika mwisho inagonga chini na unazani resori ni laini kumbe haina muda wa kupanda. Fungua klik mbili uone. Ukifungua sana nyuma itakurusha, utaisikia ku makalio.

Huku kwetu mawe ya volkano ni makali, ile lava ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani na bado tunaikanyaga, kwa hiyo mi naacha quad juu kidogo kuliko huyo mzee, kadri isikwaruzwe. Wewe uko na udongo, shuka bila woga.

mzee_wa_kle

Dada amesema vizuri, hapo kwa kurudi sina la kuongeza. Dogo, badilisha kitu kimoja, kimbia mizunguko mitatu, kisha kingine. Ukibadilisha vitatu pamoja hautajua ni gani kimesaidia.

Funga kamba ndogo ya plastiki ku fimbo ya amotisere, isukume mpaka juu kwa mwili. Ukirudi utaona imesukumwa mpaka wapi, ikifika ku kauchu ya mwisho (mpira wa chini wenye kusimamisha amotisere) mara moja moja kwenye kuruka kwa nguvu, hiyo si shida, ni kwamba unatumia suspansioni yote uliyolipia. Shida ni ikigonga kila shimo.

Kimo kikishuka, paralelisme ya mbele (namna magurudumu mawili yanaangalia mbele sawa) inabadilika, ipime upya. Na sheni pia, ukae juu ya quad, mwenzako aiguse kama bado iko na mulegezo. Na hiyo chupa ya amotisere usiifungue kamwe, ndani kuko azoti yenye presio kubwa, inaweza kukutoa jicho.

dogo_wa_Kampemba

Bandugu, nimerudi. Mbele 75, nyuma 95, tulitumia siku nzima juu nyuzi za nyuma zilikuwa zimejaa udongo kama mzee alisema, brosi ya meno na petroli njo zilisaidia. Quad peke yake nyuma inazama milimita 10 tu.

Kurudi ilikuwa imefungwa karibu yote, klik tatu tu kutoka mwisho, nikafungua mbili. Ile ya mbio nilikaza kidogo. Sasa ku viraji inashika, naweka goti ndani na haininyanyui. Ku kile kilima imegonga mara moja ku mizunguko minane, na kamba imefika ku kauchu kweli.

Swali la mwisho: hizo 10, nibadilishe resori ao nikae nayo?

mzee_wa_kle

10 ni karibu na kutozama kabisa, kwa hiyo resori ni kidogo laini kwa kilo zako, lakini si ya kukimbilia feza. Maliza kiangazi nayo. Mvua ikianza mwezi wa kumi na moja, hapo agiza resori ya nyuma peke yake, ngumu hatua moja, mbele uache. Ukiipata ujue utapima yote upya, na mudogo wako awe na meta mkononi.