Wauzaji wa laptopu Kisumu, acheni kutuandikia "i7 ya kuediti" bila namba ya prosesa

Wadau leo sina salamu ndefu. Hii tabia imezidi na lazima mtu aiseme. Ukipita Oginga Odinga Street, ukiingia kwenye zile duka ndogo ndogo za simu na kompyuta, ama ukifungua tu stetasi za WhatsApp za watu wa ex-UK (mitumba ya kutoka Uingereza), tangazo ni lile lile: "Core i7, RAM 16, SSD 256, grafiki 2GB, mashine ya kuediti video, bei ya kutupa." Basi, imeisha hapo. Namba ya prosesa, ile chipu ambayo ni ubongo wa kompyuta, hakuna, jenaresheni, yaani kizazi chake, hakuna, mwaka hakuna. Ukiuliza unaambiwa "boss hiyo ni i7, i7 ndio kubwa." Kubwa kuliko nini?

Mimi naediti video hapa Kisumu, harusi, matanga, kwaya zikizindua albamu, ndio kazi inanilisha, na kwa sababu watu wanajua kompyuta nazielewa kiasi wananiletea mashine zao zikiwashinda. Juzi amekuja kijana wa upande wa Ahero na laptopu ameuziwa elfu arobaini na tano. Hiyo pesa mamake alikopa kwa chama. Kijana ameshachukua kazi ya harusi, deposti ameshapokea, na akiweka klipu ya droni kwenye taimlaini sauti inaendelea picha imeganda, feni inalia mpaka unadhani kitu kitapasuka. Nikafungua Task Manager nikasoma: i7-4600U. Nilinyamaza kwanza, maana singeweza kumwambia kitu kizuri.

i7-4600U ni prosesa ya 2013. Jenaresheni ya 4. Ina kori mbili, yaani sehemu mbili tu za kupiga kazi kwa pamoja, narudia, mbili. Hilo neno "i7" peke yake halikuambii chochote juu ya nguvu ya mashine, linakuambia tu ilikuwa ya bei ya juu mwaka wake. i5-1135G7 ya 2020 inaitwa i5 lakini ina kori nne na hiyo i7 haiwezi hata kuifuata kwa nyuma. Na si za zamani sana tu, hata i7-7500U ya jenaresheni ya 7 bado ni kori mbili, Intel wanaozitengeneza waliweka kori nne kwenye hizi zenye herufi U mwishoni walipofika jenaresheni ya 8 mwaka 2017, kwa hivyo i5-8250U ya bei nafuu inamaliza kueksporti wakati i7-7500U bado iko njiani. Kuuza laptopu kwa kusema tu "ni i7" ni sawa na kuuza gari kwa kusema tu "ni Toyota", nani hapa atanunua gari hivyo?

Na mfanyabiashara anajua. Hapo ndipo hasira yangu inatoka. Hakuna muuzaji hajui hiyo mashine ni ya jenaresheni ya 4, yeye mwenyewe akienda kuchukua stoki Nairobi anaulizia kwa jenaresheni na analipa kwa jenaresheni. Ni sisi tu tukifika kwa kaunta ndio namba inapotea ghafla. Stika ya i7 mpya imebandikwa hapo juu inang'aa.

Sasa hiyo "grafiki 2GB". Nikaangalia, ni Intel HD 4400, grafiki ya ndani ya prosesa, haina memori yake, inakopa kwa RAM. Hakuna kadi ya grafiki yoyote pale ndani. Kuna mtu amekaa akaandika "2GB" kwa tangazo akijua mnunuzi ataelewa kuna kadi ya NVIDIA, na DaVinci Resolve ndiyo hawa vijana wanatumia kwa sababu ina toleo la bure, na Resolve inategemea kadi ya grafiki kuliko karibu kila programu ingine ya kuediti. Umemuuzia mtu jina la kadi bila kadi.

Halafu kuna jambo la kodeki (njia ya kubana video) ambalo wengi hawalijui na ndilo linaua hizi mashine. Droni na simu nyingi za siku hizi zinarekodi kwa kodeki ya H.265. Hiyo faili ni ndogo kwa sababu imebanwa sana, na kuifungua kwa wakati halisi ni kazi ngumu, inatakiwa chipu iwe na sehemu yake maalum ya hiyo kazi. Intel waliiweka kamili kuanzia jenaresheni ya 6, tena kwa 8-biti tu (kina cha rangi), na 10-biti, yenye rangi zaidi, ikaja jenaresheni ya 7. Sasa mashine ya jenaresheni ya 4 inabeba yote hayo kwa kori zake mbili, saa ngapi itacheza 4K? Haitacheza. Unaweza kuongeza RAM mpaka 16, unaweza kuweka SSD, picha itaganda tu.

Najua kuna mtu atakuja hapa kuniambia "si atumie proksi". Proksi ni zile nakala nyepesi za klipu za kufanyia kazi kwa muda, nazitumia mimi mwenyewe kila wiki na hazina aibu yoyote. Lakini hizo proksi zenyewe lazima zitengenezwe na hiyo hiyo mashine, na kuzitengeneza ni kufungua zile faili za H.265 zote, na ukimaliza kuediti unaeksporti kutoka faili za asili, si kutoka proksi. Harusi ya kamera tatu na droni, huyo kijana ataacha mashine usiku mzima na stima ya huku kwetu mnaijua, na betri ya ex-UK mnaijua pia.

Ingine ni Windows. Windows 10 ilikatiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka jenaresheni ya 8 kwenda juu. Ya kijana ilikuwa na Windows 11 imelazimishwa ndani kwa ujanja ili ionekane ni mpya. Ofisi za ng'ambo zinatoa hizi mashine kwa wingi, sawa, sina shida na ex-UK, yangu ya kwanza ilikuwa ex-UK na ilinilisha. Laptopu ya HP EliteBook ya zamani kwa mwanafunzi wa kuandika ripoti ni mashine nzuri sana. Iuze kwa hiyo kazi, kwa bei ya hiyo kazi. Usimwambie mtu ni ya video.

Nilimpigia simu mwenye duka. Sitamtaja. Nikamweleza kwa heshima, akaniambia "omera, mali ikishauzwa hairudi, soma risiti." Nikasoma. Risiti imeandikwa "laptop i7", basi, hakuna hata serial namba. Sasa na yeye asome Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ni ya ubora, daraja ama modeli ambayo si yake, na Katiba kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji juu ya kile anachonunua. Hiyo sentensi ya "hairudi" kwa risiti haiwezi kufuta sheria. Na mahakama ya madai madogo inasikiliza kesi mpaka shilingi milioni moja, na huhitaji wakili.

NYONGEZA: naona wengi mnauliza "sasa tununue gani". Sitawapa laptopu moja maana mifuko ni tofauti, lakini soma namba. Kwa hizi Core i za Intel, tarakimu za mwanzo ni jenaresheni, 4600 ni ya 4, 8250 ni ya 8, 1135 ni ya 11, 12450 ni ya 12. Herufi ya mwisho, U ni ya kuokoa betri, karibu wati 15, H ni ya nguvu, karibu wati 45, kwa video tafuta H ukiweza. i5-12450H ina kori nane. Kwa AMD, wapinzani wa Intel, Ryzen 5 5600H ina kori sita na ni mashine ya kazi kabisa, ila hapo pia muwe macho, Ryzen 5 7520U inaonekana kwa namba ni mpya zaidi lakini ina kori nne tu za muundo wa zamani. RAM, Adobe wenyewe wanasema 16 kwa HD na 32 kwa 4K, na hakikisha ni stiki mbili si moja, ama angalau kuna nafasi ya kuongeza, maana zingine zimechomelewa kwa bodi. Stoo msidanganywe na "1TB" ya diski ya kuzunguka. Saa moja ya 4K kwa megabiti 100 ni karibu GB 45, kamera tatu zikisomwa pamoja hiyo diski inachanganyikiwa kurukaruka. SSD ya kufanyia kazi, diski kubwa ya nje ya kuhifadhi.

Wa deskitopu, usichukue kadi ya grafiki bila kuiona kwa GPU-Z, programu ya bure ya kusoma kadi. Kuna kadi za zamani za GTS 450 zimeandikwa upya ndani zijiite GTX 1050 Ti, ambayo ni mpya zaidi, na GPU-Z tangu 2018 inazitambua, inakuandikia wazi ni feki. Na zile deskitopu za HP za Xeon (prosesa za Intel za kazi nzito) mnaona Nakuru na Eldoret zina kori nyingi kwa bei nzuri lakini hizo Xeon E5 hazina grafiki ya ndani, kwa hivyo msaada wa chipu kwa H.265 unategemea kadi utakayoweka. Uliza ni kadi gani kabla ya kutoa pesa.

Dukani, kabla ya kulipa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda Performance, piga picha prosesa na grafiki. Halafu hiyo namba iandikwe kwa risiti, herufi kwa herufi. Akikataa kuandika, toka.

Jumatatu narudi na huyu kijana pale dukani na hiyo picha na tangazo lake la WhatsApp, mamake pia amesema anakuja. Kama nawe uliuziwa "i7 ya kuediti" hapa Kisumu, Kakamega ama Kisii, weka namba ya prosesa hapa chini, bei uliyolipa na vile tangazo lilisema. Majina ya duka msiweke.