IST: pedi ya breki ya ndani imekwisha, ya nje bado nene. Nifunge mpya mwenyewe?

Dada wa Goba
Habarini wakuu. Nina Toyota IST. Kila asubuhi nashuka milima ya Goba kwenda Makongo, watoto wamekaa nyuma. Siku hizi nikikanyaga breki tairi la mbele kushoto linatoa mlio mwembamba wa chuma. Nimelifungua nikaona pedi ya ndani imekwisha kabisa, ya nje bado ina nyama. Nina jeki, wilispana na boksi la spana alizoniachia baba. Nataka kuchukua pedi Kariakoo nifunge Jumamosi. Nizingatie nini?

Kijana wa Mbagala
Dada, nenda na pedi ya zamani mkononi mulinganishe umbo hapo hapo kaunta. Nunua seti nzima, ubadilishe kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Kazi yenyewe si ngumu.

Fundi mstaafu, Tabata
Kijana amesema kweli, ila dada, nakuomba usikimbilie pedi. Huo mlio ni kibati cha onyo kinachogusa disiki, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, pedi ikibakiza milimita mbili tatu. Kimefanya kazi yake. Swali langu ni kwa nini ya ndani imekwisha peke yake.

Kaliba ya gari lako, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye disiki, ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kaliba nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje. Pini zikikauka au zikishika kutu, kaliba haitelezi, mzigo wote unabebwa na pedi ya ndani. Ukifunga pedi mpya bila kugusa pini, nazo zitakwisha vile vile. Nimeona magari mengi yakirudi gereji kwa sababu hiyo, na mwenye gari analaumu pedi feki.

Tafuta sehemu tambarare. Kama uwanja wako una mteremko, usifanyie hapo. Vuta handibreki, maana inakamata tairi za nyuma, na uzizuie kwa mawe. Legeza nati tairi likiwa bado chini. Ukishanyanyua, weka stendi. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja, na watoto wakae mbali.

Fungua bolti za kaliba, mara nyingi ni spana namba 14. Ifunge kaliba kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye bomba la mpira la mafuta ya breki. Chomoa pini, futa grisi ya zamani, kwangua kutu, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira inayofunika pini, nazo zitaganda tena. Mpira uliopasuka ubadilishe, ni kitu cha bei ndogo.

Legeza kifuniko cha mafuta ya breki, kisha rudisha pistoni taratibu kwa klampu, pedi ya zamani ikiwa katikati. Angalia chupa isifurike, mafuta yale yanakula rangi ya gari. Pistoni ikigoma kurudi, simama hapo, kaliba inahitaji fundi. Vumbi la breki usilipulize, futa kwa kitambaa chenye maji.

Ukimaliza, kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Hili nalisisitiza kwa sababu mara ya kwanza pedali itazama mpaka chini, na wewe unakaa mlimani.

Dada wa Goba
Shikamoo fundi, asante sana. Nimeangalia leo: pini ya juu inateleza, ya chini haisogei kabisa. Nigonge kwa nyundo?

Fundi mstaafu, Tabata
Marahaba mwanangu. Usigonge, utapinda kibanio kinachoshika pini. Nyunyizia dawa ya kutu, isubiri, kisha izungushe kulia na kushoto kwa spana huku ukivuta. Dawa isiguse disiki wala pedi mpya. Pini ikitoka na mashimo ya kutu, nunua nyingine. Na kabla ya kushuka Makongo na watoto, zunguka mwenyewe barabara ya tambarare, ufunge breki polepole mara kadhaa, pedi na disiki zizoeane. Kisha kaza nati upya.

Dada wa Goba
Nimeelewa. Kesho napita Gerezani kuulizia pini na mipira yake kwanza.