Nati ya sproketi ndogo imegoma kabisa, naomba msaada kabla sijaharibu shafti

MzigoWaAmani:

Wakuu, habari za jioni.

Nina pikipiki ya Kijapani ya cc 250, zile ndefu za porini, niliinunua kwa mtu miaka miwili iliyopita. Kazi yake ni kupanda Amani mara mbili kwa wiki kuchukua iliki na pilipili manga kwa wakulima na kushusha Muheza. Wanaoijua njia ile wanajua mvua ikinyesha inakuwaje. Udongo mwekundu unajaa kwenye cheni, ukichanganyika na oili unasaga chuma kama msasa.

Cheni imekwisha. Nikiivuta kwa vidole pale nyuma ya sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la tairi la nyuma, inanyanyuka mpaka naona nusu ya jino. Sproketi ndogo, ile ya mbele kwenye injini, ndiyo mbaya zaidi, meno yamelala upande mmoja kama ya msumeno. Juzi cheni iliruka nikiwa nashuka na magunia mawili, tairi la nyuma likafunga, nikasimama hatua mbili kutoka kwenye bonde. Nina watoto watatu. Nimenunua seti nzima mpya, siipandi tena kabla sijaibadilisha.

Sasa nati. Hii siyo kama za bodaboda nyingi ambazo sproketi inashikwa na kibati na bolti mbili ndogo za spana 10. Hii ina nati moja kubwa katikati, kwenye ncha ya shafti inayotoka kwenye injini, nimepima ni ya 27, na nyuma yake kuna kibati cha kukunja juu ya nati ili isilegee. Fundi wa mwanzo aliipiga kwa tindo, alama ninaziona, na kona mbili zimelika. Nimepulizia dawa ya kutu siku tatu. Nimenyoosha kibati. Nimeweka gia ya kwanza, nikavuta spana kwa bomba la kuirefusha, tairi likazunguka. Nikatoa cheni, nikachomeka bisibisi kwenye meno ya sproketi ikaegemea bloku ya injini. Nikasikia "kwaa", kumbe ni kipande cha bloku kimemeguka, kidogo kama punje ya mchele. Hapo nikaacha. Niko nyumbani, gereji ya kuaminika iko mbali na pikipiki haitembei. Nifanyeje?

PanchaKorogwe:

Mkuu, tafuta kijana wa tairi za malori mwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati. Sekunde tano tu, na huhitaji kushika kitu, ile inagonga yenyewe. Ila hakikisha boksi yake, kile kikombe kinachovaa nati, ni ya kona sita.

MzigoWaAmani:

Asante kaka. Wa karibu yuko mjini, na kuisukuma mpaka kule ni kilima. Nikishindwa kabisa nitatafuta Kirikuu ya kuibeba.

Mzee Spana:

Kijana, umefanya vizuri kuacha. Huyo punje ya mchele amekuonya. Bloku ni aluminiamu, ukiendelea utapasua sehemu ya bei kubwa kuliko pikipiki yenyewe.

Rudisha cheni. Hata kama imekwisha, kwa kazi hii bado inatosha. Kosa la wengi ni kutoa cheni kwanza halafu ndiyo wakumbuke nati. Cheni ndiyo mkono wako wa kushikia shafti, kwa sababu inaipeleka nguvu kwenye tairi la nyuma, na tairi lina breki. Gia haisaidii sana, unapambana na kompresheni ya injini na meno ya gia yanaumia bure.

Shusha pikipiki chini, usifanye kazi tairi likiwa hewani. Fikiria nguvu inaelekea wapi. Wewe umesimama kushoto, nati inafunguka kinyume cha saa. Sproketi ikizunguka hivyo, tairi linataka kwenda mbele. Kwa hiyo tairi la mbele ligusane na ukuta au mti mnene. Mtu mzito akae juu, akanyage breki ya nyuma kwa uzito wake wote.

Boksi iwe ya kona sita. Ya kona kumi na mbili kwenye nati iliyolika itakumalizia. Tena angalia mdomo wa boksi, nyingi zimechongwa kwa ndani ili ziingie kirahisi, na nati hizi ni nyembamba, kwa hiyo boksi inashika nusu tu. Peleka kwenye jiwe la kunolea mdomo usawazike. Mkono wa boksi uwekee gogo chini karibu na kichwa ili usiiname, kwa sababu boksi ikipinda ndiyo inaruka na kula kona. Bomba liwe la mita moja. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 30 mwisho wake, unapata karibu Nm 300 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na hiyo inatosha kwa nati nyingi za aina hii. Kandamiza taratibu, usirukie.

Uzi wa nati nyingi ni wa kawaida, ila usiamini tu, angalia ncha ya shafti uzi umelalia upande gani. Nati ya pikipiki kubwa za Harley-Davidson, kwa mfano, hufunguka kwa kuzungusha upande wa saa. Wapo watu wamekaza nati siku nzima wakidhani wanafungua.

Swali langu moja: kibati umekinyoosha chote?

Mama Gereji Arusha:

Naongezea baada ya Mzee. Inawezekana fundi wa mwanzo aliweka gundi ya nyuzi, ile nyekundu ya kuzuia nati isilegee. Hiyo haisikii dawa ya kutu hata ukipulizia mwezi, inataka joto, kiasi cha nyuzi 250 za sentigredi. Lakini usije na gesi ya kuchomelea. Nyuma ya sproketi kuna oili sili ya mpira inayozuia oili isivuje, na juu yako kuna tangi la petroli.

Mimi nafanya hivi. Natoa tangi, naliweka mbali kabisa. Nafuta grisi na dawa yote. Nachukua kipande cha nondo nene, nakitia kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, nakikandamiza kwenye nati peke yake, narudia mara tatu nne. Joto linakaa kwenye nati, sili haipati muda wa kuungua. Halafu navuta ingali ya moto. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

Ikishindikana kabisa, toboa nati kwa drili ndogo, matundu mawili matatu yaliyopangana sambamba na shafti, kisha ipasue kwa tindo. Funika sili kwa kitambaa, na acha kabla drili haijafika kwenye uzi wa shafti. Hiyo ndiyo kazi halali ya tindo, siyo kupiga kona. Ukipiga kona, kila kishindo kinapita kwenye beringi ya shafti.

MzigoWaAmani:

Mzee shikamoo, na mama shikamoo.

Mzee, swali lako limenikosesha usingizi. Asubuhi nimechukua mswaki wa zamani na petroli kidogo, nikasugua nati yote kwa mara ya kwanza. Juu kibati kilikuwa kimenyooka, nilikinyoosha mwenyewe. Lakini kule chini, nyuma ya cheni, kulikuwa na tope limegandamana na grisi, gumu kama ugali wa jana. Nilipolibandua nikaona ulimi wa pili umekunjwa umelala juu ya nati. Siku zote hizo nilikuwa navuta nati iliyofungwa.

Nikaunyanyua kwa tindo ndogo, pole pole. Tairi la mbele kwenye mwembe, shemeji juu, kilo zake tisini, breki chini. Boksi ya kona sita nimeazima kwa jirani anayeendesha trekta. Mara ya kwanza haikukubali. Nikafanya ya nondo ya moto, mara tatu, tangi likiwa kule sebuleni. Nikakandamiza bomba. Nilihisi kwanza mkononi kabla ya kusikia: "ka!" Nilidhani bomba limevunjika. Nilipotazama, nati ilikuwa imeacha mstari safi unaong'aa kwenye kibati.

Sproketi imetoka kwa mkono. Meno ya shafti ni mazima, yana vumbi jekundu la kutu tu. Sili inavuja kidogo, nitabadilisha.

Sasa kufunga. Kitabu kinasema Nm 110, na sina spana ya kupimia.

Mzee Spana:

Marahaba mwanangu, nimefurahi sana.

Wewe ni mfanyabiashara wa iliki, huna mizani ya kuning'iniza? Ifunge kwenye mkono wa boksi nusu mita kutoka katikati ya nati, uvute mizani ikiwa pembe mraba na mkono. Kilo 22 na nusu hapo ni Nm 110. Kumbuka safari hii nguvu inarudi nyuma, kwa hiyo tairi la nyuma ndilo liegemee ukuta, na shemeji akanyage breki tena. Kibati kiwe kipya. Kile cha zamani kimeshakunjwa na kunyooshwa, kitakatika njiani.

MzigoWaAmani:

Nimemaliza saa kumi na moja jioni. Mizani imesoma 22 na nusu, shemeji ni shahidi. Kibati kipya, ndimi mbili nimezikunja, moja juu moja chini, na ile ya chini nimeipaka rangi nyeupe ili nisije nikaisahau tena. Alhamisi napanda Amani.