Naomba ushauri: kuziba matundu ya nyaya kati ya etaji

Jambo wandugu, na wakubwa wa kazi ya umeme na ujenzi.

Ninasimamia jengo la etaji nne hapa Bukavu, Ibanda. Nyaya zote zinapanda kutoka chini, penye mita na jenereta, zikipitia matundu ya sentimita 30 kwa 20 yaliyoachwa katika kila sakafu ya zege. Zege ina unene wa sentimita 15. Moto ukiwaka chini, moshi utapanda humo kama kwenye bomba, na juu wanalala watoto. Hilo linaninyima usingizi.

Fundi wa kwanza alijaza povu la njano la kupuliza, lile la madirisha. Nilikata kipande nikakiwasha uani, kikashika moto mara moja na kutoa moshi mweusi. Nimelitoa lote. Kisha nilijaribu simenti na mchanga etaji ya kwanza. Iliziba vizuri, lakini mwezi uliofuata walikuja watu wa intaneti na waya mpya, tukavunja kwa tindo na kuchubua waya wa umeme.

Sasa nafikiria kujaza sufu ya mawe (nyuzi za mawe zisizoshika moto), juu na chini nipake ile dawa inayovimba ikipata joto. Dawa hiyo bado sijaiona madukani hapa.

Naomba kujua: je, nikikosa dawa hiyo, plasta ya jasi juu ya sufu itazuia moshi kweli, hata kati ya waya na waya? Na nafasi ya nyaya zijazo mnaiachaje bila kubaki tundu wazi?

Aksanti sana.